Asilimia Mia ya Hisabati

Sakafu ya ofisi ya karani ilikuwa na michubuko sita mirefu, na kila mchubuko ulikuwa wa mkuu wa shule mmoja. Wa kwanza alitaka kabati la chuma la mafaili likae karibu na dirisha. Wa pili akasema jua litababua karatasi, likasukumwa mpaka ukuta wa nyuma. Wa tatu akalirudisha dirishani. Kabati lile lilikuwa zito, miguu yake haina mipira, kwa hiyo kila mkuu aliyeripoti aliacha alama yake kwenye saruji kabla hajaacha alama nyingine yoyote pale shuleni.

Karani mwenyewe waalimu walimwita Mama Faili, na wanafunzi nao wakarithi jina. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, ishirini na mmoja kati ya hiyo ameimaliza katika chumba kile kile, kati ya mlango wa mkuu na mlango wa nje. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alivaa miwani iliyofungwa uzi shingoni, na droo yake ya juu ilikuwa na daftari la jalada gumu ambalo halikuwa la serikali. Humo aliandika tarehe ya kila mkuu kuingia, tarehe ya kuondoka, na alichobadilisha. Wa kwanza alibadili rangi ya soksi. Wa pili alifanya vipindi kuwa tisa kwa siku, wa tatu akarudisha vinane. Wa nne alifuta majaribio ya Ijumaa, wa tano akayafufua akayapeleka Jumatatu. Matokeo ya mtihani wa mwisho yalishuka, yakapanda kidogo, yakashuka tena, mwishowe yakazoea huko chini.

"Hakuna aliyekuwa mtu mbaya," alimwambia mumewe mara moja. "Ila kila mmoja anakuja kama mtu aliyehamia nyumba ya kupanga. Hajapika hata chai, anaanza kubomoa jiko."

Mumewe alikuwa fundi viatu, kibanda chake kikiwa kwenye baraza ya nyumba yao. Alitema msumari mdogo aliokuwa ameubana kwa midomo.

"Na wewe ndiye unayezoa kifusi."

"Nani mwingine?"

"Nikuletee vipande vya raba uvalishe miguu ya hilo kabati. Angalau mgongo wako upumue." Ahadi hiyo ilikuwa na umri wa miaka tisa.

Mkuu wa sita ndiye waliyempa jina la Bwana Asilimia. Alikuja mwanzoni mwa mwaka, mfupi, shati limepigwa pasi mpaka mikono ina makali, na lugha yake yote ilikuwa ya sehemu za mia. Maktaba ilitumika asilimia ngapi? Waalimu waliwahi asilimia ngapi? Hata siku ya kwanza kantini, alipoulizwa kama chai imekolea, alisema asilimia themanini. Makamu wake, mzee wa Historia aliyebakiza miezi kumi na sita kustaafu, akainamia kikombe chake na kunong'ona, "Huyu akifiwa atatuambia amelia asilimia ngapi."

Lakini Bwana Asilimia alileta kitu kimoja ambacho Mama Faili alikipenda mara moja. Ilikuwa karatasi ya vipindi. Kila darasa lilipewa moja kwa wiki. Kiranja aliandika somo, saa na siku. Mwalimu akimaliza kufundisha anatia sahihi. Asipotokea, kiranja anaandika tu kwamba hakuna. Ijumaa mchana karatasi zote zilifika mezani kwa karani, naye akazijumlisha na kupiga chapa taarifa ya wiki iliyokwenda kwa afisa elimu. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mmoja, kilichoandikwa ofisini kilifanana na kilichotendeka darasani. Mkuu akachora mistari ya kila somo kwenye karatasi kubwa, akaibandika ukutani kwenye ujia, nje ya mlango.

Mstari uliosikitisha ulikuwa wa Hisabati ya kidato cha nne. Mwalimu wao alihamishwa wiki ya tatu ya muhula. Aliyebaki alikuwa na vidato vitatu vya chini na vipindi thelathini na vinne kwa wiki. Sauti yake ikifika Alhamisi ilikuwa imebaki mkwaruzo. Kiranja wa kidato cha nne, msichana mwenye mwandiko wa kunyooka kama mistari ya daftari, aliandika mara tano kila wiki: *Mwalimu hakuna. Mwalimu hakuna.* Mama Faili alipiga chapa: vipindi vitano, vilivyofundishwa sifuri.

Sifuri ile alirudi nayo nyumbani. Binti wa mdogo wake aliishi naye tangu kidato cha kwanza, na sasa alikuwa kidato cha nne katika shule hiyo hiyo. Alitaka uuguzi. Tangazo la chuo cha uuguzi alilikata mwenyewe na kulibandika juu ya kitanda chake, na penye masharti alikuwa amepiga mstari mwekundu chini ya maneno mawili: kufaulu Hisabati.

"Mama mkubwa, mwalimu anakuja lini?"

"Tumeandika barua."

"Hata juzi mlikuwa mmeandika."

"Ni ile ile, mwanangu. Inatembea."

Mwishoni mwa mwezi wa pili wakuu wote waliitwa kwa afisa elimu. Bwana Asilimia aliondoka asubuhi na bahasha ya taarifa zake, akarudi alasiri shati limelegea. Alisimama mbele ya meza ya karani bila kukaa.

"Asilimia sabini na moja," alisema. "Amenisimamisha mbele ya wakuu ishirini na sita. Ananisomea mapengo yangu mwenyewe kama mashtaka. Wenzangu wana tisini na tano, wana tisini na saba. Mmoja ana shule haina hata waalimu tisa, ana tisini na tisa!"

"Anazipata wapi, Mwalimu?"

Alivuta kiti cha wageni. "Mama, saa ya kipindi ikifika na mwalimu hakuna, wanafunzi wanafanya nini?"

"Wanakaa."

"Wanakaa na vitabu?"

"Wenye vitabu, ndiyo."

"Basi wanajisomea. Na kujisomea ni kujifunza. Kwa hiyo kipindi kimefanyika." Alisema maneno hayo akitazama dirishani, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu dukani. "Kuanzia wiki hii, kipindi ambacho darasa limekaa kwa utulivu kihesabiwe kimefundishwa. Makamu atatia sahihi kama msimamizi."

"Na hizi karatasi za viranja?"

"Peleka kwenye taka zichomwe. Tutaandika mpya."

Makamu alitia sahihi zote Ijumaa hiyo, moja baada ya nyingine, kalamu ikipaa kama ya mtu anayeandika majina kwenye kadi za harusi. "Funika kombe mwanaharamu apite," alisema. "Mimi nimebakiza miezi kumi na minne, Mama. Sitaki ugomvi na kijana wa asilimia." Mama Faili naye akapiga chapa. Hisabati, kidato cha nne: vipindi vitano, vilivyofundishwa vitano. Shule ikapata tisini na nane, na Jumatatu afisa elimu alipiga simu kumpongeza mkuu. Mstari wa ukutani ukapanda wima, ukagota juu, ukabaki huko.

Karatasi za viranja hakuzipeleka kwenye taka. Si kwa ushujaa. Hakuwa tu na mkono wa kutupa karatasi yenye tarehe. Droo ya chini ya lile kabati ilikuwa imekwama tangu mkuu wa nne, kwa sababu ya kuburutwaburutwa, na mtu asiyeijua angedhani imefungwa kwa ufunguo. Mama Faili alijua kwamba ukiipiga teke dogo kona ya kushoto na kuvuta papo hapo, inafunguka. Aliziweka humo, wiki juu ya wiki.

Ikapita hivyo wiki kumi na nne za masomo, ukiacha likizo. Na katika wiki hizo, kwenye meza ile ile, kwa mashine ile ile, alipiga chapa pia barua nyingine mbili za kuomba mwalimu wa Hisabati, zikatimia tatu. Barua zilikuwa nzuri. "Tunaomba kwa unyenyekevu, kwa kuwa watahiniwa wa kidato cha nne hawana mwalimu." Kila moja ilikwenda Ijumaa, na kwa kuwa bahasha za serikali zilikuwa adimu, ilikunjwa na kutiwa katika bahasha moja na taarifa ya wiki. Yeye, aliyeweza kugundua tarehe iliyokosewa ukurasa wa tisa, hakuwahi kuona kwamba karatasi mbili zilizolala kifua kwa kifua katika bahasha ile zilikuwa zinabishana.

Jibu lilifika zimebaki wiki kumi na moja mtihani uanze. Tarishi wa ofisi ya elimu aliliweka mezani pamoja na kitabu cha kutia sahihi, akaomba maji ya kunywa, akaondoka. Mama Faili aligonga mhuri wa kupokelewa, akaandika tarehe, ndipo akasoma.

*Rejea barua zenu tatu. Kwa mujibu wa taarifa zenu wenyewe za wiki kumi na nne mfululizo, vipindi vya Hisabati kidato cha nne katika shule yenu vimefundishwa kwa asilimia mia. Ofisi hii imeona kwamba hakuna upungufu. Mwalimu mpya tuliyekuwa naye wa kupangwa amepelekwa shule yenye uhitaji. Mnapongezwa kwa usimamizi mzuri.*

Alivua miwani. Akaivaa. Akasoma tena mstari wa mwisho, kisha akakaa mikono yake ikiwa juu ya barua, kama mtu aliyeshika mfuniko wa sufuria inayofurika. Alikuwa amechoka siku nyingi, lakini uchovu wa siku ile ulikuwa na jina lake juu yake. Ni yeye aliyekuwa amepiga chapa zile tano.

Bwana Asilimia aliisoma akiwa amesimama.

"Wamekosea hawa."

"Hawajakosea, Mwalimu. Wamesoma tulichowaandikia."

Alikaa. Barua ikabaki hewani mkononi mwake, haishuki mezani. Kisha akasema, "Iweke kwenye faili."

"Tusiijibu?"

"Tujibu nini, Mama? Tuseme tulidanganya?" Akainua macho. Yalikuwa macho ya mtu asiyelala vizuri. "Weka kwenye faili."

Akaiweka.

Jioni ile, jua halijazama, alimkuta binti amekaa kwenye ngazi ya baraza, miguuni pa fundi viatu, daftari la Hisabati limefunuliwa magotini. Mama Faili akainama kutazama. Tiki ya mwisho ya mwalimu ilikuwa ya wiki ya tatu ya mwaka. Kutoka hapo kulikuwa na kurasa na kurasa za maswali yaliyonakiliwa kitabuni kwa mwandiko safi, na chini ya kila swali nafasi tupu, imeachwa kwa kipimo, kama viti vya wageni ambao hawakuja.

"Kwa nini unaacha nafasi?"

"Nikifundishwa nitajaza."

Fundi alipiga nyundo mara mbili kisha akaacha.

"Mama mkubwa, nikuulize?" Binti hakuinua kichwa. "Ule mchoro wa ukutani nje ya ofisi. Kiranja wetu ameuona. Anasema sisi Hisabati tuna mia. Sasa kidato cha tatu wanatuita Mia kwa Mia. Tukipita wanasema, haya pisheni, wataalamu hao. Ni kweli mmeandika tunafundishwa?"

Angeweza kusema mkuu ndiye aliyeandika. Isingekuwa uongo kabisa.

"Nimeandika mimi," alisema. "Kwa mkono wangu."

Binti alifunga daftari. Aliingia ndani tu, na kitanda kikasikika kikilia. Hilo lilikuwa zito kuliko makelele. Fundi akageuza kiatu mkononi, akakitazama soli kana kwamba jibu limo humo.

"Mke wangu," alisema, "mimi nikibandika soli juu ya soli iliyooza, mteja anaondoka anacheka. Wiki ya pili anarudi, na harudi kucheka."

"Najua."

"Basi usiniangalie mimi. Sijui kupiga chapa."

Asubuhi alifika shule kabla ya kengele. Alilipiga teke kabati kona ya kushoto, akavuta. Alizipanga karatasi kumi na nne za kidato cha nne kwa tarehe, akazitoboa, akazifunga kwa uzi. Akapiga chapa barua ya mistari tisa, isiyo na unyenyekevu wala utukufu: kwamba taarifa za wiki kumi na nne hazikuwa sahihi, kwamba vipindi sabini vya Hisabati havikufundishwa, kwamba karatasi halisi zimeambatishwa, kwamba shule haina mwalimu. Kisha akachukua faili moja zaidi, faili la kijani la watumishi, akaingia kwa mkuu na vyote vitatu.

Bwana Asilimia alifunua karatasi za viranja moja moja. *Mwalimu hakuna. Mwalimu hakuna.* Alipofika ya sita alisema, "Nilikwambia zichomwe."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Miaka ishirini na mmoja hapa na hujajifunza kutii?"

"Nimetii wakuu sita. Angalia sakafu."

Karibu acheke. Akaisoma barua, akaisukuma kidogo kwa kidole kama chakula asichokitaka. "Unajua hii ni barua ya kujifukuza? Hata wewe itakugusa. Chini ya kila taarifa kuna herufi za jina lako, wewe ndiye mchapaji."

"Najua. Nimeziona jana usiku mzima bila kuziangalia."

Nje kengele ilipigwa, miguu ya watoto ikavuma ujiani, ikatulia.

"Ile karatasi niliitunga mimi," alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa na sehemu ya mia hata moja. "Nilipokuwa mwalimu wa kawaida niliwaza, siku nikipewa shule nitaonyesha pengo lilipo, ili lijazwe. Nikalionyesha. Wakanipiga kwa hilo hilo pengo. Sasa mtu ukipigwa ukionyesha jeraha, utafanya nini? Unavaa mikono mirefu."

Mama Faili alimwacha amalize. Kisha akafungua faili la kijani na kuligeuza limwelekee. Lilikuwa faili la mkuu mwenyewe. Karani ndiye aliyelifungua siku aliporipoti. Aliweka kidole kwenye mstari wa nne.

*Masomo ya kufundishia: Hisabati na Fizikia.*

"Miaka kumi na moja sijashika chaki," alisema Bwana Asilimia.

"Chaki ninazo stoo. Maboksi mawili."

"Nina vikao. Jumanne kikao, Alhamisi kikao, Ijumaa taarifa..."

"Taarifa ya Ijumaa niachie mimi. Nitaandika kilichotokea. Ni rahisi zaidi, huhitaji kukumbuka chochote."

"Unanifukuzia darasani, Mama?"

"Nakurudisha, Mwalimu. Nina mtoto mle ndani."

Hakutia sahihi mbele yake. Alisema amwachie mpaka kesho. Makamu alipopata habari alitikisa kichwa. "Huyo hatii sahihi. Mtu hajichongei fimbo ya kuchapwa. Na akitia, Mama, zile sahihi za msimamizi je? Nimebakiza miezi minane!"

"Utasema ulisimamia utulivu. Ulikuwapo kweli."

"Ee, utulivu ulikuwapo," alisema Makamu, akaondoka akijikuna kidevu.

Kesho yake Mama Faili alipofungua mlango, barua ilikuwa mezani kwake, imetiwa sahihi na kugongwa mhuri. Ofisi ya mkuu ilikuwa wazi na haina mtu. Alizifuata sauti mpaka ujia wa nyuma, akasimama pembeni ya dirisha la kidato cha nne. Bwana Asilimia alikuwa ubaoni, mikono ya shati amekunja, makali ya pasi yamepotea, vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amejaza ubao mzima na jibu lake lilikuwa limetoka baya.

"Mwalimu," sauti ya kiranja ilisikika, "mstari wa tatu umeacha alama ya kutoa."

Akarudi nyuma, akatazama, akajipiga paji la uso kwa kiganja cheupe. Darasa likacheka, naye akacheka, akafuta. "Haya. Asilimia arobaini ya ubongo wangu imeota kutu. Tuanze upya wote." Kwenye dawati la tatu binti alikuwa amefungua daftari kurasa za mwanzo kabisa, penye nafasi tupu. Mama Faili hakungoja amwone. Alikuwa na barua ya kupeleka.

Mkuu aliingia darasani vipindi vyote vitano kila wiki, na cha sita saa moja kamili asubuhi kabla ya kengele. Vikao viwili alimtuma Makamu, aliyerudi akilalamika kwamba viti vya huko ni vigumu. Zile wiki za kwanza taarifa ilionyesha shule imepata sabini na nne, simu ikalia kutoka kwa afisa elimu, na kuta za ofisi ni nyembamba. Mkuu alisema "ndiyo" mara nyingi na "ni kweli" mara tatu. Alipotoka alimwuliza karani kama kuna chaki za rangi.

Wiki ya tano ukaja uamuzi. Tarishi aliweka barua mbili. Ya kwanza ilimvua Bwana Asilimia ukuu kwa kuwasilisha taarifa zisizo za kweli na kumpeleka kuwa mwalimu wa kawaida katika shule nyingine, aripoti ndani ya siku saba. Shule hiyo, iliandikwa, ilikuwa na upungufu mkubwa wa waalimu wa Hisabati. Kuhusu upungufu wa hapa, suala lingeshughulikiwa. Ya pili ilikuwa onyo kwa karani, kwa kuandaa taarifa hizo. Mama Faili aliisoma yake, akaigonga mhuri wa kupokelewa, akaipa namba ya folio, yaani ya ukurasa ndani ya faili, akatoa faili lake mwenyewe kabatini na kuiweka. Ilikuwa folio ya kumi na tisa. Ya kumi na nane ilikuwa cheti cha utumishi bora.

Siku ya mwisho mkuu alipitia ofisini akiwa na mkoba na boksi moja la vitabu.

"Nimewafikisha sura ya saba," alisema. "Zimebaki tatu. Nani atamalizia?"

"Mwalimu wa vidato vya chini amekubali vipindi viwili."

"Viwili kati ya vitano." Kwa mazoea midomo yake ikaanza kupiga hesabu, akajizuia. "Nilidhani nitaondoka hapa na mstari ukutani."

"Nikuandikie nini kwenye daftari langu? Wote nimewaandikia walichobadilisha."

Akafikiri. "Andika nilifundisha wiki tano."

Akaandika hivyo hivyo, na tarehe.

Mkuu wa saba aliripoti Jumatatu iliyofuata. Alikuwa mama mwenye sauti ya juu na viatu vya kupiga kelele, mchangamfu, mwenye haraka. Alizunguka chumba mara moja. "Hili kabati linatuziba, Mama. Tulipeleke pale mlangoni." Likapelekwa. Mama Faili alivuta upande wake, mgongo ukauma mahali pake pale pale, na mchubuko wa saba ukakaa kwenye saruji. Ijumaa mkuu mpya alisimama na taarifa ya wiki mkononi.

"Sabini na mbili? Mama, hii asilimia itatuaibisha. Haiwezi kupanda kidogo?"

"Inaweza, Mwalimu," alisema Mama Faili. "Kwa mwalimu mmoja wa Hisabati."

Mama yule akamtazama, kisha akatazama karatasi za viranja zilizofungwa kwa uzi juu ya meza. *Mwalimu hakuna*, mara tatu; sahihi, mara mbili. Akavuta kiti, akakaa. "Niambie vizuri," alisema. Kwa kuwa aliuliza, alielezwa. Ilichukua kipindi kizima. Alitia sahihi ile sabini na mbili huku akiguna. Mwalimu hakuja hata hivyo. Wiki za kabla ya mtihani zilikuwa zimekwisha.

Matokeo yalitoka mwaka mpya. Kati ya watahiniwa arobaini na watatu, kumi na saba walifaulu Hisabati. Mwaka uliotangulia walikuwa watano. Hakuna aliyetoa pongezi, kwa kuwa kumi na saba kati ya arobaini na watatu si kitu cha kupongezana. Kiranja alikuwa mmoja wa wale kumi na saba, kwa alama nzuri. Karatasi ya majina ilikuja kwa karani kwanza, kama karatasi zote, naye akaigonga mhuri na tarehe kabla ya kushusha kidole kwenye orodha, taratibu, jina kwa jina, asiruke.

Binti alikuwa mlangoni, ameshika fremu. Hakuthubutu kuvuka.

"Mama mkubwa?"

"Umepata alama ya chini kabisa ya kufaulu."

"Ya chini kabisa?"

"Chini yake ni kufeli. Umepita kwa unywele."

Binti alishuka chini taratibu, mgongo umeegemea mlango, akakaa sakafuni penye michubuko. Alicheka kidogo, kisha akafuta macho kwa ukingo wa mtandio. "Sura ya nane mpaka ya kumi sikugusa hata swali moja," alisema. "Niliacha nafasi."

"Chuo hawatauliza nafasi. Inuka, sakafu ina vumbi."

Hakuinuka, naye hakumsisitiza. Alitoa daftari lake la jalada gumu, akafunua ukurasa wa mkuu wa sita. Chini ya maneno *alifundisha wiki tano* akaandika: kumi na saba. Akafikiri kama aandike pia ishirini na sita waliobaki. Akawaandika. Kisha akageuza kiti, akawasha mashine, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, na karatasi za kidato cha nne kipya zilikuwa zimekwisha kufika mezani.